Mchezo wa Ridhaa

Asubuhi moja katika ufukwe wa Raskazone, Tanga, wazee wawili walikuwa wamesimama mchangani, maji ya chumvi yakiwachuruzika, wakigombana juu ya sekunde nne. Mmoja alikuwa karani mstaafu wa forodha, ambaye sote tulimwita Mzee Forodha. Wa pili nilikuwa mimi. Yeye alishikilia kwamba amegusa mchanga kabla yangu. Mimi nilishikilia kwamba saa haidanganyi. Kijana mmoja muuza korosho alikuwa ameketi kando ya kapu lake akitusikiliza. Tulipotulia kidogo akasema kwa adabu: "Shikamooni, wazee wangu. Samahani, kwani mnashindania nini?"

Tulicheka, tukanunua korosho zake, kila mtu akaenda zake. Lakini swali lile halikwenda. Kwa mtu aliyetumia karibu miaka arobaini kuwauliza wengine maswali, si jambo dogo kuulizwa swali jepesi na kukosa jibu. Hatukuwa na kombe wala zawadi. Hapakuwa na gazeti ambalo lingetaja majina yetu. Umri wetu sote wawili ukijumlishwa ulizidi miaka 120. Kwa nini basi nilikuwa na hasira ya kweli moyoni kwa ajili ya sekunde nne? Na je, mtu mzima anayeogelea kwa kupenda kwake, asiyetafuta riziki wala sifa ya taifa, autilie mchezo wake uzito kiasi gani?

Namwomba msomaji asilidharau swali hili kwa kuwa ni la mchezo. Mengi tunayoyafanya baada ya kustaafu yako hivyo hivyo: hakuna anayetulipa, hakuna anayetulazimisha, na bado tunayafanya kama watu waliotishwa. Mimi nimelikuta swali hili majini, basi na nilijibu kutoka majini.

Nilizaliwa bara, mahali ambapo mto ulikuwa wa kuvuka kwa kukunja suruali. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuongoza mbio, mpira wa miguu na mazoezi ya viungo, lakini somo la kuogelea halikuwapo. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakapotea, nilikuwa mwalimu mkuu. Niliwasimamisha wanafunzi gwaride kwa dakika moja ya ukimya, na katika ukimya ule nikatambua kwamba kati yangu na wale wote niliokuwa nikiwalea, labda hakuna aliyeweza kujiokoa majini. Hata hivyo sikufanya lolote. Nilijifunza kuogelea nikiwa tayari nimestaafu, baada ya kuhamia Tanga, chini ya mwalimu kijana wa michezo aliyekuwa na umri wa mwanangu wa mwisho.

Somo la kwanza lilikuwa kutumbukiza uso na kutoa pumzi ndani ya maji. Lilinichukua siku sita. La pili lilikuwa kulala juu ya maji bila kufanya kitu, nalo lilinichukua majuma matatu, maana mtu mzima hajui kutofanya kitu. Nasimulia haya kwa sababu wapo wanaosema kwamba mzee hana haja ya kujifundisha kuogelea kwa bidii. Ajimwagie maji, apate upepo, arudi nyumbani. Wanaosema hivyo hawayajui maji. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800. Tena upinzani wake hauongezeki sambamba na mwendo wako: ukitaka kwenda kwa kasi maradufu, maji hukupinga kwa nguvu inayokaribia mara nne. Ndiyo maana mtu mwenye mabavu asiye na ufundi huchoka ndani ya mita chache, na bibi mwembamba anayejua kuunyoosha mwili wake humpita kimya kimya. Kila pigo la mkono lisilo sahihi hulipwa papo hapo, na wala huwezi kujadiliana bei.

Kwa hiyo mazoezi yenye uzito si majivuno. Ni njia pekee ya kuyafurahia maji. Nilipoanza kupiga mikono bila kugombana na bahari, nilipata furaha ambayo sikuipata tangu nilipojifunza kusoma. Kuna asubuhi za maji mafu, kabla upepo haujaamka, ambapo mtu husikia pumzi yake tu na mlio wa mapovu, na mwili mzee uliokuwa ukilalamika kitandani hukaa kimya kama mtoto aliyebembelezwa.

Sasa nije kwenye mashindano. Hapa rafiki zangu wamegawanyika, na mimi mwenyewe nimewahi kusimama pande zote mbili.

Inafaa tukumbuke jinsi mashindano ya waogeleaji watu wazima yalivyoanza kupangwa kwa taratibu. Mwaka 1970 daktari wa jeshi la majini la Marekani, Ransom Arthur, alishiriki kuanzisha mashindano ya taifa ya waogeleaji wa umri mkubwa, na ya kwanza yakafanyika katika mji wa Amarillo, Texas. Fikra yake ilikuwa ya kidaktari: watu wazima hawafanyi mazoezi kwa kuambiwa tu kwamba mazoezi ni mazuri, lakini wakiwekewa siku ya mashindano mbele yao wataamka alfajiri. Fikra hiyo ilienea. Mwaka 1986 mashindano ya dunia ya maveterani yalifanyika Tokyo, Japani. Humo waogeleaji hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano kuanzia miaka 25, ili mwenye miaka 72 ashindane na rika lake, asishindane na mjukuu wake.

Msomaji atazame vizuri mpango ule. Mashindano yaliletwa yawe mtumishi wa afya. Siku ya mashindano ilikuwa kama mtihani ambao sisi walimu huuweka mwisho wa muhula: si kwamba tunaupenda mtihani, bali tunajua kwamba bila huo madaftari hayatafunguliwa. Lakini mwalimu yeyote mwaminifu atakiri jambo lililotupata. Mtihani uliowekwa umtumikie mwanafunzi hugeuka ukawa bwana wake, na mwishowe mtoto husoma ili afaulu tu, asijue tena kwamba kusoma ni kutamu. Mtumishi akikaa sana nyumbani bila kuangaliwa huanza kushika funguo.

Yuko mtu mmoja ambaye historia yake hunijia kila ninapofikiri hivi. Matthew Webb, nahodha Mwingereza, ndiye wa kwanza anayejulikana kuuvuka kwa kuogelea, bila msaada wa chombo, mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Ilikuwa Agosti 1875, naye alikaa majini saa 21 na dakika 45, akipiga maji kwa mtindo wa chura. Angeweza kurudi nyumbani akawa mwalimu wa kuogelea hadi uzeeni. Lakini sifa ilimtaka alete nyingine, na nyingine tena, na kila iliyofuata ilibidi iwe ya hatari zaidi ili watu waendelee kutazama. Julai 1883, akiwa na miaka 35, aliingia katika maji yanayochemka chini ya maporomoko ya Niagara akakusudia kuyavuka. Hakutoka hai. Ujasiri hakupungukiwa, wala mazoezi. Alipungukiwa na uwezo wa kusema: yatosha.

Na yuko wa pili, ambaye wengi walimcheka. Mwaka 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 peke yake, kwa kuwa wenzake wawili wa kundi lile walikosea mwanzo wakaondolewa. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla, na bwawa la mita 50 alikuwa hajawahi kuliona. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, muda mrefu kuliko ule ambao bingwa wa mita 200 aliutumia kumaliza umbali maradufu. Mita za mwisho watu walidhani atazama. Wengine walimshangilia, wengine walimfanya kichekesho. Lakini kichekesho kile kiliendelea na mazoezi hadi akaogelea mita 100 kwa muda usiofika dakika moja, na mwaka 2012 akawa kocha wa timu ya taifa lake. Mimi namwona kuwa mtu aliyeuchukua mchezo wake kwa uzito unaostahili. Hakuona haya kuwa wa mwisho, wala hakuridhika kubaki wa mwisho.

Ningependa kusema kwamba baada ya kutafakari haya nilifuata mfano wa pili. Sivyo ilivyokuwa.

Mwaka wangu wa tatu wa kuogelea nilinunua saa ya kuhesabia sekunde. Nikafungua daftari lenye mistari, nikaandika tarehe, umbali, muda, hali ya maji. Mwanzoni daftari lile lilinisaidia. Kisha likaanza kunitawala. Ikawa siku isiyoandikwa ndani yake ni siku iliyopotea. Nakumbuka asubuhi moja mke wangu aliamka na homa. Aliniita kutoka chumbani, nami nilikuwa tayari nimesimama mlangoni na taulo begani. Nikamjibu kwamba nitarudi baada ya saa moja tu. Nilirudi baada ya saa moja na nusu, maana bahari ilikuwa tulivu na niliona haya kuipoteza. Tulikwenda hospitali, akatibiwa, akapona. Katika daftari siku hiyo imeandikwa: maji mazuri.

Kikundi chetu kilikuwa cha watu tisa, wanaume sita na wanawake watatu, na kila mwisho wa mwaka tulifanya shindano dogo: kutoka ufukweni hadi mashua moja iliyotia nanga, kuizunguka, na kurudi. Wenzetu wote walikuwa wepesi kutuzidi, kwa hiyo Mzee Forodha na mimi tulishindania nafasi ya nane. Miaka yote aliipata yeye. Alikuwa mtu wa pwani, ameanza kuogelea kabla ya kuanza kuvaa viatu, naye aliyadharau mazoezi. Zaidi ya hayo alikuwa na mizaha. Akiona nimemkaribia alipenda kuniita kwa sauti, "Mwalimu! Mwalimu!", nikigeuka anacheka na kunipita.

Mwaka huo alikuwa amesafiri karibu mwezi mzima kwa harusi ya mjukuu. Alirudi siku mbili kabla ya shindano, amenenepa, akijigamba kwamba biriani ndiyo mazoezi yake. Tuliingia majini. Tulipoizunguka mashua nilikuwa mbele yake. Sikuamini. Nilihesabu mapigo ya mikono kama nilivyofundishwa, pumzi zikaenda sawa, na nikajua kwamba leo, kama sitafanya upuuzi, nitashinda.

Ndipo nikasikia: "Mwalimu!"

Nikaendelea. Ikaja mara ya pili, fupi zaidi. "Mwalimu!" Nikajiambia kwamba ni mizaha yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nimelieleza hivyo kwa watu mara nyingi. Lakini uzee una faida moja, kwamba humpunguzia mtu haja ya kujidanganya. Ukweli ni kwamba sauti ya pili haikufanana na mizaha, na sehemu fulani ya moyo wangu ilijua. Sikugeuka kwa sababu kugeuka kungenigharimu sekunde nne au tano.

Niligusa mchanga, nikabonyeza saa. Ilionyesha muda bora kuliko wote niliowahi kuupata. Mpaka leo naukumbuka, lakini sitauandika hapa. Nilipoinua macho niliona ngalawa ya mvuvi imesimama pale kati, na mvuvi ameinama akivuta kitu kizito ndani.

Misuli ya mguu ilikuwa imemkaza, kisha akanywa maji. Mvuvi alimlaza kifudifudi, akayatapika. Jioni alikuwa nyumbani kwake, amejifunika shuka, amelala kitanda cha kamba barazani. Nilikwenda. Sikujua nianzie wapi, nikasema tu: "Niwie radhi, ndugu yangu."

Alinitazama kwa muda. Akauliza: "Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Alinyamaza. Nilingoja anifukuze, naye alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Badala yake akasema: "Basi nawe niwie radhi. Niliingia majini nikijua mwili hauko tayari. Nikakufundisha miaka yote kwamba nikiita ni mchezo. Ningekufa leo, maiti yangu ungeibeba wewe mpaka kaburini kwako, na kosa lingekuwa langu nusu." Nilimwambia kwamba makosa hayagawanywi hivyo kama ushuru wa bandarini. Akacheka, akakohoa sana.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Hakunilaumu. Alimenya viazi vyake mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi pia niliita, asubuhi ile." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na neno la kuongeza.

Usiku ule nililitafakari neno ambalo nimelisikia redioni tangu ujana wangu: ngumi za ridhaa, mchezaji wa ridhaa. Hivyo ndivyo tunavyomwita mchezaji asiyelipwa. Waingereza wana neno walilolichukua kwa Wafaransa, ambalo asili yake ni kupenda: huyo ni mtu achezaye kwa mapenzi. Ni neno zuri, lakini mapenzi yanaweza kuwa ya mtu mmoja. Neno letu lina sharti zaidi. Ridhaa ni kukubali, na ni ndugu wa radhi: radhi tunayoitafuta kwa wazazi, radhi tunayoiomba tunapokosa. Mcheza kwa ridhaa ni nani aliyeridhia? Mwenyewe, bila shaka. Lakini je, mwili wake umeridhia, au amekuwa akiuburura? Aliyemwacha nyumbani ameridhia, au amezoea tu? Na yule anayeogelea naye, je, ameridhia kwamba akizama hataangaliwa?

Tangu hapo nimeona kwamba nilikuwa nikipima kitu kisichopimika. Nilikuwa nikijiuliza uzito uwe kiasi gani, kana kwamba uzito ni chumvi, ukizidisha kijiko chakula kinaharibika. Mzee Forodha aliipunguza chumvi hiyo, nayo ikakaribia kumwua. Mimi niliizidisha, nayo ikakaribia kumwua yeye huyo huyo. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa kijiko cha katikati.

Nionavyo, mazoezi yanadai uzito wote. Anayeingia majini na wenzake bila kujiandaa amewakopa bila kuwaambia, kwa kuwa siku misuli ikikaza wao ndio watakaolipa. Asiyejali ufundi wake asijiite mnyenyekevu. Ametwisha wengine mzigo wake. Na shindano nalo, likianza, lichezwe kweli. Kumwachia mtu ushindi ni kumtukana, na mashindano ya kujifanya hayamfundishi mtu chochote juu ya nafsi yake. Sijutii kwamba nilitaka kumshinda Mzee Forodha. Nilitaka, na bado nataka.

Lakini uko uzito unaofungua masikio na uko unaoyaziba. Fundi seremala mwenye bidii husikia mbao ikilia kabla haijapasuka. Bidii yake ndiyo iliyomfundisha kusikia. Mwalimu makini humsikia mtoto aliyenyamaza. Bidii ya namna hiyo iongezeke tu, haina kiasi. Ile nyingine, inayokufanya usisikie jina lako likiitwa, ni mbaya hata ikiwa ndogo. Saa yangu ilikuwa ndogo mno, ilitosha kiganjani, na bado iliziba sauti mbili.

Tena ridhaa haitolewi mara moja ikadumu milele. Mwili ulioridhia nikiwa na miaka 64 huenda hauridhii nikiwa na miaka 74, na bega langu la kulia limekwisha kunitumia salamu. Mke wangu naye siku hizi namwuliza kabla sijachukua taulo. Mara nyingi hujibu, "Nenda." Safari chache hujibu, "Leo kaa," na hanipi sababu, nami siitafuti.

Daftari nimelihifadhi, lakini sasa naandika ndani yake jina la mtu niliyeogelea naye. Hatuogelei tena pasipo mwenzi wa kumtazama, na siku ya shindano tunamlipa mvuvi akae kati na ngalawa yake. Mizaha ya kuita imepigwa marufuku kwa kura za watu wote, Mzee Forodha mwenyewe akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Saa anaishika yule kijana wa korosho, ambaye sasa ana meza yake ya biashara na watoto wawili. Swali lake sijamjibu, naye halirudii. Labda aliliona jepesi akalisahau.

Shindano la mwaka jana nilikuwa wa mwisho. Kila baada ya mapigo kumi ya mikono niligeuza kichwa nimtazame aliye nyuma yangu, mpaka nikakumbuka kwamba nyuma yangu hakuna mtu, nikawa namtazama aliye mbele. Kugeuka huko kunanipotezea sekunde nyingi. Sijui kama nageuka kwa upendo au kwa hofu ya siku ile, na sina hakika kwamba, ningekuwa tena mbele na ushindi uko karibu, sikio langu lingekuwa wazi. Ndiyo maana naendelea na mazoezi.